Kusoma nyuma ya shule

Maneno yaliyosemwa na katekista mmoja mbele ya wakristu na wageni, siku za kutayarisha Jubilei ya parokia



Baraza la parokia limeniagiza niseme juu ya kitabu. Wenzangu wamepewa kueleza historia ya majengo, habari za miito na kazi ya kwaya, nao watasema vizuri kuliko mimi. Lakini mimi nafurahia fungu langu, kwani katika mambo yote tuliyoyapokea tangu misioni ilipofika katika inchi yetu, kitabu ndicho kitu tulichokipokea kwa furaha kubwa na tulichokichunga vibaya kupita vyote. Mnivumilie nikisema wazi.

Kwanza tutenge mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Kujua kusoma ni jambo moja, kusoma ni jambo lingine. Hapa kando ya Ziwa Tanganyika karibu kila kijana anajua kushika kasia, lakini hatumwiti mvuvi isipokuwa yule anayeingia ziwani usiku kwa usiku, anayezijua pepo na miezi, ambaye watu wa nyumba yake wanakula ndagala kwa kazi ya mikono yake. Shule inampa mtoto kasia. Ikiwa mtoto huyo, nyuma ya kupokea cheti, analiegemeza kasia ukutani mpaka mchwa wanalila, hatuwezi kusema kwamba tumepata mvuvi. Na kwetu makasia yaliyoegemezwa ukutani ni mengi: watu wenye cheti, watu wenye diplome ya Serikali, hata watu waliofika chuo kikuu, ambao tangu siku ya egzamini ya mwisho hawajamaliza kitabu hata kimoja. Wanasoma matangazo kwenye mlango wa kanisa, wanasoma barua ya deni, wanasoma jina la marehemu juu ya msalaba. Basi.

Ninyi wamama mnaouza karanga sokoni mnalijua jambo hili kuliko walimu. Mwezi wa saba, masomo yakifungwa, makaye na vitabu vinafika kwenu kwa kilo, navyo vinageuka kuwa vifuko vya karanga na vya chumvi. Nilikwisha kula karanga zilizofungwa ndani ya ukurasa wa jeografia, nikasoma habari za mto Lualaba mpaka pale ukurasa ulipopasuliwa. Mto ule haukufika baharini. Siwalaumu ninyi, kwa sababu karanga zinataka karatasi. Namuuliza yule aliyeuza kitabu: je, nyumbani mwako hamkuwa na mtoto mwingine wa kukisoma?

Kuna watu wanaosema kwamba jambo hili halitutoshi akili, kwa sababu kusoma ni desturi ya Wazungu, nasi ni watu wa mdomo na sikio. Neno hili linatamkwa na wasomi kuliko wanakijiji, nalo si kweli. Ndugu zetu Waluba walikuwa na kitu kinachoitwa lukasa: ubao mdogo wa kushika mkononi, wenye shanga na michoro, ambao watu wa chama cha Mbudye waliutumia kwa kuchunga habari za wafalme, za safari zao, za pahali patakatifu na za sheria. Mwenye kujua aliushika ubao kwa mkono wa kushoto, akagusa shanga kwa kidole cha mkono wa kuume, akasema mbele ya watu yale ambayo shanga zilimkumbusha. Alikuwa anafanya nini, kama si kusoma? Hakusoma peke yake chumbani, alisoma katikati ya watu, nao waliweza kumwuliza. Tena hakuruhusiwa kila mtu kufika kwa lukasa. Ilimlazimu mtu kwanza afundishwe muda mrefu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba wazee wetu hawakujua kuweka neno juu ya kitu ili lisipotee. Walijua. Na namna yao ya kusoma pamoja nitairudia mbele kidogo, sababu naona ndiyo itakayotufaa.

Nyuma ya hao walikuja Wangwana, ambao jina lao limebaki ndani ya luga yetu. Wafanyabiashara waliofika Nyangwe na Kasongo walikuwa na barua na hesabu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Wakati ule wenye kuandika walikuwa mara nyingi wale wenye kuuza watu, na wenye kuuzwa hawakujua kusoma. Kwa hiyo Mapadri Weupe walipopokea kituo cha Mpala mwaka 1885, wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani na kuwafundisha herufi, jambo lile halikuwa dogo kama linavyoonekana leo kwa mtoto anayelia asiende shule. Kardinali Lavigerie alikuwa amewaagiza wamisionari wake wajifunze luga ya watu na kuandika kamusi na katekismu. Aliwaagiza vilevile kwamba kila kituo kiandike kitabu cha habari zake, siku kwa siku. Ndiyo maana leo, tunapotafuta historia ya misioni za zamani, tunasoma vitabu vile vya Mapadri, kwa sababu sisi wenyewe hatukuandika.

Upande wa Uganda, walioanza kufuata mafundisho ya dini waliitwa basomi, ndio kusema wasomaji. Fikirini jambo hili. Watu hawakuwatambua kwanza kwa msalaba shingoni au kwa jina la ubatizo, waliwatambua kwa kitabu mkononi. Karoli Lwanga na Kizito na wenzao, waliouawa mwaka 1886 na kutangazwa watakatifu mwaka 1964, walikuwa wa jamii hiyo ya wasomaji. Leo tukimwona mtu njiani na kitabu tunamwuliza kama anakwenda kwenye egzamini.

Na hapa kwetu tunaye Padri Stefano Kaoze. Wengi wetu tunajua kwamba alipadirishwa Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, mwaka 1917, na kwamba alikuwa Padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Lakini wachache wanajua kwamba miaka sita au saba mbele ya kupadirishwa, alipokuwa bado mwanaseminari, maandiko yake juu ya mawazo na desturi za watu wake yalikwisha kutolewa kwa Kifaransa katika gazeti lililoitwa La Revue Congolaise, mwaka 1910 na 1911. Kijana wa Kitabwa, aliyesoma katika seminari ndogo ya Mpala, aliwaandikia Wazungu kueleza namna watu wake wanavyofikiri, wakati Wazungu wengi walikuwa wanabishana kama watu hao wanafikiri hata kidogo. Nyuma ya vita kuu ya pili aliwekwa katika Baraza la Serikali ya koloni. Akafa mwaka 1951. Mimi naona kwamba mtu huyu hakuwa mwandishi kwa sababu alifundishwa kuandika, maana wenzake walifundishwa vilevile. Alikuwa mwandishi kwa sababu alisoma nyuma ya somo.

Sasa, desturi hiyo ilipotelea wapi? Sitaki kumpa mtu mmoja kosa lote. Shule ya wakati wa koloni ilimfundisha mtoto kusoma ili awe karani, na alipoupata ukarani, kazi ya kitabu ilikuwa imekwisha. Mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule za Kanisa, mwaka 1977 ikazirudisha kwa mapatano, na katika kutoa na kurudisha vitu vingi vilipotea njiani, vitabu navyo. Halafu vita. Watu wa pande hizi walioivuka mipaka nyuma ya mwaka 1998, wakakaa miaka katika kambi za Mwange na Kala huko Zambia, walichukua sufuria na watoto. Hakuna aliyeweza kuchukua kabati la vitabu. Waliobaki waliona vitabu vikiwashwa kupika bukari. Askari mwenye njaa hatofautishi misale na kuni.

Lakini kuna sababu moja ambayo haikuletwa na askari, nayo ni luga. Mtoto wetu anasema Kiswahili nyumbani, anasali kwa Kiswahili, anatukanwa kwa Kiswahili, na kitabu anachopewa ni cha Kifaransa. Kifaransa ni luga yenye faida, mimi mwenyewe nilikipata seminari ndogo na ninamshukuru Mungu. Lakini mtu anayejifunza kusoma kwa luga asiyoisikia ni sawa vile mtu anayejifunza kutembea juu ya miti. Anaweza kufika, ila hatatembea kwa kujifurahisha. Sheria Kuu ya inchi ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya luga nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Inafaa heshima hiyo ya karatasi ipate karatasi nyingine, ndizo vitabu.

Hapo tukodolee macho ng'ambo ya ziwa. Mwalimu Julius Nyerere, mkristu mwenzetu, alipokuwa Raisi alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare kwa Kiswahili, mmoja ukatolewa mwaka 1963, mwingine mwaka 1969. Raisi wa inchi, mwenye kazi zote zile, alikaa usiku akitafuta neno la Kiswahili linalotosha neno la Mwingereza! Sikilizeni tena jambo lililo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1973 Watanzania walifanya kazi iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapata milioni mbili walikusanyika kwa vikundi vidogo vijijini, kila kikundi na kiongozi wake, na redio, na vitabu vidogo juu ya malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine. Walisikiliza, wakasoma kwa sauti, wakajadiliana, halafu wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Kwa nini ninalisifu jambo hili? Kwa sababu hawakumngojea kila mtu awe msomaji hodari, wala hawakungojea kila mtu apate kitabu chake. Katika kikundi, mmoja mwenye kusoma vizuri aliwatosha wengi, na wale waliosoma kwa shida walisikia sauti yake huku wakifuata herufi kwa macho. Mnakumbuka ule ubao wa lukasa?

Kuna ndugu atakayesema: "Katekista, siku hizi tuna simu, tunasoma kutwa nzima." Ni kweli, vijana wetu wanasoma maneno mengi kuliko babu zao. Lakini maneno mafupi yanayopita mbele ya macho bila jina la mwandishi hayamfundishi mtu kupima. Kumbukeni ugonjwa wa Ebola uliowaka Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliokufa 2,287. Chanjo ilikuwako, waganga walikuwako. Lakini ilisemwa kwamba ugonjwa ni biashara, kwamba sindano ndiyo inayoua, na mwaka 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sisemi kwamba watu wale walikuwa wajinga. Walikuwa na miaka mingi ya kudanganywa na kuuawa, na mtu aliyedanganywa mara kumi hawezi kuaminishwa kwa tangazo moja. Lakini nauliza: mtu aliyezoea kulinganisha maandiko mawili, akauliza nani ameandika na alijuaje, je, si angalikuwa na silaha moja zaidi mkononi?

Na tusiende mbali hivyo. Hapa hapa kuna mjane aliyeweka kidole gumba juu ya karatasi ya shamba, akiambiwa ni karatasi ya kodi. Sitamtaja, wala sitamtaja aliyemletea karatasi. Mtoto wake wa darasa la sita alikuwako nyumbani siku ile, hakuna aliyemwomba asome.

Kanisa katika jambo hili si mgeni. Katika kitabu cha Nehemia tunaelezwa namna Ezra alivyosimama juu ya jukwaa la miti, akawasomea wanaume, wanawake na wote wenye kuweza kufahamu, tangu asubuhi mpaka saa sita, na Walawi wakawafafanulia watu maana yake. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, anamwagiza Timoteo amletee joho lake na vitabu: mzee mwenye baridi na kifo mbele yake, anataka nguo na kitu cha kusoma. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya mwaka 1965, ulitaka mlango wa Maandiko Matakatifu ufunguliwe wazi kwa waamini wote. Mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita aliifanya kazi ya msomaji kuwa huduma ya walei, na mwaka 2021 Papa Fransisko aliifungulia wanawake vilevile. Kwa hiyo tusiridhike na msomaji wa Misa anayelitafuta somo lake wakati wimbo wa mwanzo umekwisha kuanza, akisoma majina ya miji ya Paulo kama mtu anayekanyaga miiba.

Lakini mwalimu ninayempenda katika jambo hili ni Mtakatifu Benedikto. Katika Kanuni yake, sura ya 48, ameagiza kwamba mwanzoni mwa Kwarezima kila mmonaki apokee kitabu kimoja, akisome chote, kwa utaratibu, toka mwanzo mpaka mwisho. Halafu, kwa kuwa aliwajua watu, akaagiza mzee mmoja au wawili wazunguke saa za kusoma, waone kama kuna ndugu anayesinzia au kupiga porojo. Miaka karibu elfu moja na mia tano imepita, na mashauri hayo mawili bado yanatosha: kitabu kimoja chote, na mzee wa kuzunguka.

Basi nawaletea maombi, si mengi. Kila shirika la parokia yetu lipokee kitabu kimoja Jumatano ya Majivu. Kisiwe cha sala tu. Kimoja kiwe Evanjili pamoja na maelezo, kingine kiwe maisha ya mtakatifu, kingine kiwe juu ya kilimo au afya ya mtoto, kingine kiwe hadisi ya kufurahisha, maana mtu asiyecheka na kitabu hatalia nacho. Mkutano wa shirika ukiisha, mmoja asome kwa sauti nusu saa, na siku ya Pasaka kitabu kirudishwe, na shirika liseme mbele ya wengine limekuta nini ndani yake. Vitabu vinapatikana katika maduka ya Wapaulo huko Lubumbashi na Kinshasa, na vya Kiswahili vinaweza kuletwa kwa boti kutoka Kigoma. Bei ni kali kwa mtu mmoja. Kwa shirika la nyumba ishirini, ni kikombe kimoja cha maharagwe kwa kila nyumba, mara chache.

Wamama watasema hawana nafasi, na wanasema kweli. Anayetoka shambani na kwenda mtoni na kupika sombe hawezi kuambiwa akae na kitabu. Yeye asisome, asomewe. Mtoto akae karibu na moto, asome wakati mama anachagua maharagwe, naye mama amsahihishe maneno ya Kiswahili, sababu mama anayajua kuliko mwalimu. Tangu Septemba 2019, Serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo, madarasa yamejaa. Mwalimu mwenye watoto wengi namna ile hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Mama anaweza kumsikiliza wake.

Ombi lingine nalielekeza kwa wazee. Parokia ifungue kaye kubwa, yenye jalada gumu, na kila Jumamosi vijana wawili waende kwa mzee mmoja waandike anayokumbuka: nani alifyatua tofali za kanisa, nani alizama ziwani na mtumbwi wa misioni, kijiji kilihama mwaka gani na kwa sababu gani. Tulikuwa na tabu ya kutayarisha kitabu hiki cha Jubilei, kwa sababu wengi waliojua walikwisha kuzikwa.

Na ombi la mwisho ni juu ya kabati. Nimeona, katika safari zangu za seminari na za mafunzo, kabati za vitabu zilizofungwa kwa kufuli vizuri hata mende peke yao wakasoma. Msimamizi aliogopa vitabu vipotee. Vitapotea vingine, ndiyo. Profesa Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyefariki mwaka 2025 huko Marekani nyuma ya kuandika vitabu vinavyosomwa duniani kote, aliutolea Chuo Kikuu cha Lubumbashi maktaba yake mwenyewe. Hakuogopa kupotelewa, alivirudisha vitabu nyumbani ili vishikwe na mikono ya vijana.

Padri Paroko amekubali kutupa chumba kilicho nyuma ya sakristia, kile chenye madirisha mawili upande wa ziwa, na ndugu mmoja seremala amekwisha kuahidi rafu na mabenchi manne. Taa ya jua itawekwa na kikundi cha wababa. Kwa sasa tuna vitabu 63, nimevihesabu, na 11 kati yao havina jalada. Chumba kitafunguliwa Jumapili nyuma ya Misa ya pili, na Jumatano saa kumi. Ufunguo utakuwa kwa wasichana wawili wa darasa la mwisho la sekondari waliochaguliwa na vijana wenzao; mimi sitakuwa nao, na nimeomba wala Paroko asiwe nao. Anayeazima ataandika jina lake mwenyewe ndani ya kaye. Asiyejua kuandika jina ataandikiwa mara ya kwanza, na mara ya pili ataonyeshwa.